LSL na LabRecorder: Saa Inayo, Macho Haina

Mshiriki wa 11 alikaa kwenye kiti dakika 40. Akatazama picha zote, akabonyeza vitufe vyote, akatushukuru, akaenda zake. Jioni tulipofungua faili lake, moyo haukuwamo. Klipu ya elektrodi ya kifuani, ile inayochukua ishara ya moyo, ilichomoka dakika ya tatu, ikaning'inia ndani ya shati mpaka mwisho, na msaidizi aliyekuwa mbele ya skrini hakuona lolote.

Nilimuuliza. Akaniambia, "Kaka, mbona mstari ulikuwa unacheza?" Na kweli ulikuwa unacheza. Programu tuliyokuwa nayo siku hizo, ya kununua, ambayo sitaitaja, ilikuwa na tabia ya kujipangia kipimo yenyewe: ishara ikiwa ndogo, inaivuta juu na chini mpaka ijaze dirisha. Moyo ulipotoweka, kilichobaki kwenye waya ni mvumo wa umeme wa ukutani, ule wa 50 Hz, na programu ikauvuta ukapendeza, wimbi laini lenye mpangilio kuliko hata moyo wenyewe. Mtoto wa watu angejuaje?

Mimi ni fundi wa vyombo wa maabara. Watafiti huja na maswali yao na kuondoka na makala zao. Mimi hubaki na waya. Tangu siku ile, programu yoyote ya kuonyesha na kuhifadhi ishara za mwili naipima kwa swali moja: itanionyesha kwamba mambo yameharibika wakati mshiriki bado yuko kwenye kiti? Uzuri wa menyu tutauongelea tukipata nafasi.

Kwa miaka 3 sasa tunatumia LSL, kirefu chake Lab Streaming Layer, pamoja na LabRecorder, programu ndogo inayohifadhi. Nimeishi nazo vya kutosha kuzisifu na kuzinung'unikia.

Kwanza niondoe kosa ambalo nami nililifanya. LSL si dirisha. Ukiisakinisha ukangoja kitu kifunguke, utangoja sana. Ni maktaba ya programu, iliyoandikwa kwa C++, inayokaa katikati ya vifaa na yeyote anayezihitaji ishara. Kila kifaa kinakuwa na programu yake ndogo inayochukua sampuli, yaani vipimo vya papo kwa papo, na kuzimwaga mtandaoni kama mkondo. Mkondo una jina, aina, idadi ya chaneli na kasi yake, na kila sampuli inayopita ina muhuri wa saa. Aliye kwenye mtandao huohuo anaweza kuchota. Mmoja anachota anahifadhi, mwingine anachota anachora, wa tatu anahesabu mapigo ya moyo, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kazi hii ilianzia Swartz Center kwenye Chuo Kikuu cha California, San Diego, mikononi mwa Christian Kothe, na inatolewa kwa leseni ya MIT, maana yake unaitumia, unaifungua, unaibadilisha utakavyo. Mimi naitumia kwa lugha ya Python kupitia pylsl, kiunganishi chake. Jirani yangu wa ofisi hataki kusikia kitu zaidi ya MATLAB, naye ana njia yake.

Sasa, saa. Hapa ndipo LSL ilipoununua moyo wangu.

Jaribio letu la kawaida lina kofia ya mawimbi ya ubongo kwenye amplifaya yake, kisanduku kinachokuza ishara, kwa sampuli 500 kwa sekunde, kisanduku cha pili kinachobeba moyo, jasho la ngozi na mkanda wa kupumulia kwa sampuli 1000, na kompyuta ya tatu inayoonyesha picha. Vyombo vitatu, saa tatu. Zamani tulikuwa tunasawazisha kwa sauti: watu wawili, kompyuta mbili, "moja, mbili, tatu, bonyeza!" Usicheke. Makala ngapi duniani zimetoka hivyo, Mungu ndiye anayejua.

Shida haiko kwenye kubonyeza tu. Saa ya kila kifaa inaendeshwa na fuwele inayotetema, na hakuna fuwele mbili zinazotetema sawasawa. Zikipishana kwa sehemu 50 tu katika milioni, kila dakika zinaachana milisekunde 3. Kwa saa nzima ni milisekunde 180. Ukiisikia tu, ni namba ndogo. Lakini mwitikio wa ubongo kwa sura ya mtu, ule unaoitwa N170, hutokea kama milisekunde 170 baada ya picha kuonekana. Saa zikiachana kwa upande mbaya, mwisho wa jaribio ubongo unaonekana umeiona sura kabla sura haijatokea. Niliwahi kuletewa grafu ya namna hiyo na mtu aliyedhani amegundua kitu.

LSL inalitatua hivi: kila baada ya sekunde chache kompyuta inayopokea inapeleka ujumbe mfupi kwa ile inayotoa data, "kwako ni saa ngapi?", jibu linarudi, na kutokana na muda wa kwenda na kurudi inakadiria tofauti ya saa hizo mbili. Ujumbe unarudiwa mara kadhaa na safari iliyokuwa fupi kuliko zote ndiyo inayoaminiwa, kwa sababu iliyochelewa njiani inadanganya. Ni mtindo uleule ambao kompyuta nyingi duniani hutumia kurekebisha saa zao kupitia intaneti.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba LabRecorder haigusi mihuri ya saa. Inaandika muhuri kama ulivyokuja, na pembeni inaandika ile tofauti ya saa kila ilipopimwa. Yote yanakaa ndani ya faili moja la aina ya XDF. Marekebisho yanafanyika baadaye, unapolifungua kwa pyxdf, maktaba ya Python ya kusoma mafaili hayo, au kwa EEGLAB, programu ya kuchambua mawimbi ya ubongo. Ukishuku hesabu, unairudia. Ukitaka kuona saa zilivyokuwa zinaachana, unachora hizo tofauti na unaona mstari unaopanda taratibu kama kilima. Nimewahi kukaa nusu saa naangalia mstari huo tu. Mke wangu anasema nina matatizo.

Sikuamini kwa maneno. Nilichora kiboksi cheupe pembeni mwa skrini ya mshiriki, kinachowaka kila sekunde, nikabandika juu yake kipima mwanga kilichounganishwa na chaneli ya ziada ya amplifaya. Kompyuta ya picha inatuma alama kupitia LSL kila kiboksi kinapowaka. Kipima mwanga kinaniambia kiliwaka lini kweli. Nikaacha saa nzima, nikaenda kufanya mengine. Pengo kati ya alama na mwanga halikukua. Mwanzo na mwisho, lilelile.

Lakini halikuwa sifuri, na hapa naomba umakini, maana wengi wanapateleza. LSL inajua sampuli iliingia kwenye kompyuta saa ngapi. Haijui sampuli hiyo ilikaa muda gani ndani ya amplifaya, au kwenye kebo ya USB, au angani kwenye Bluetooth. Wala haijui skrini yako, ambayo kwa kasi ya 60 Hz inabadilika kila milisekunde 16.7, ilichelewa fremu ngapi. Hayo utayapima mwenyewe, kwa kipima mwanga kama changu, na utayaondoa mwenyewe wakati wa uchambuzi. Pengo lisilobadilika halinisumbui. Linalokua ndilo linaloua jaribio, na hilo LSL imelidhibiti.

LabRecorder yenyewe ni dirisha moja lisilo na mbwembwe. Kuna orodha ya mikondo, kitufe cha kuisasisha, cha kuanza, cha kusimamisha, na mahali pa kupanga jina la faili. Jina linaweza kujengwa kwa namba ya mshiriki na ya kikao, hivyo hakuna tena faili linaloitwa "jaribio_mwisho_kabisa_2". Ukikosea ukarudia jina lililokwisha kuwepo, faili la zamani halifutwi, linabadilishwa jina. Aliyefikiria hilo aliwahi kulia.

Mimi nililia kwa sababu nyingine. Kila mkondo kwenye orodha una kisanduku cha tiki, na usiotiwa tiki hauhifadhiwi. Siku moja niliwasha programu ya picha baada ya kusasisha orodha. Ubongo ulikuwemo, moyo ulikuwemo, nikabonyeza kuanza. Mkondo wa alama, ule unaosema picha gani ilionekana saa ngapi, haukuwemo. Saa nzima ya ubongo uliorekodiwa vizuri sana, bila kujua ulikuwa unaangalia nini. Kosa langu, sina wa kumsukumia. Dawa ipo kwenye faili la mipangilio: unaorodhesha mikondo ya lazima, na LabRecorder ikifunguka, ambao haujaonekana unaandikwa kwa rangi nyekundu. Sikuwa nimesoma. Sasa faili hilo ninalo kwa kila jaribio, na simkabidhi mwanafunzi maabara mpaka anionyeshe orodha isiyo na wekundu.

Ikishaanza kurekodi, dalili pekee ya uhai ni mstari mdogo chini: muda unaokwenda na ukubwa wa faili unaoongezeka. Basi. Hakuna wimbi hata moja. Na ukubwa wa faili unaongezeka vilevile elektrodi ikiwa kifuani au ikiwa sakafuni. Kwa kompyuta, mvumo wa ukutani ni namba kama namba nyingine. Mshiriki wa 11 angepita hapa pia, tena kirahisi zaidi, maana safari hii hata wa kudanganywa na skrini asingekuwepo.

Hiyo ndiyo maana ya kichwa cha habari. Macho utayatafuta mwenyewe.

Yapo ya kuokota. Ndani ya pylsl kuna mfano wa kuchora unaochukua mikondo yote iliyopo na kuionyesha kwa sekunde 5, alama zikiwa mistari iliyosimama. Unatosha kujua kwamba kitu kinapita. Kuna StreamViewer, iliyo nadhifu zaidi. Na kwa mafaili yaliyokwisha kurekodiwa kuna SigViewer. Nilizunguka nazo miezi kadhaa, mwishowe nikakaa mwisho wa juma nikaandika ya kwangu kwa Python na pyqtgraph, maktaba ya kuchora. Haijavuka mistari 300, na sura yake haivutii hata kidogo. Nitaieleza kidogo, si kwa kujisifu, ila kwa sababu kuiandika ndiko kulikonifundisha tunachohitaji kuona.

La kwanza, kipimo hakijipangi. Moyo unachorwa kati ya milivolti −2 na 2, siku zote, kwa kila mtu. Ubongo kati ya maikrovolti −100 na 100. Klipu ikichomoka, wimbi linatoka nje ya kisanduku au linakuwa uzi mwembamba katikati, na vyote viwili unaviona ukiwa mlangoni. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba moyo wa mshiriki fulani ni mdogo, haujazi nafasi. Nikamwambia uache uwe mdogo. Kuna watu mawimbi yao ni madogo, na hiyo nayo ni habari.

La pili, kila ishara inapewa urefu wake wa dirisha. Hili sikuliona kwenye programu nyingi, na silielewi kwa nini. Jasho la ngozi ni kitu cha polepole: mtu akishtuka, mpando unaanza baada ya sekunde 1 hadi 3, unapanda, kisha unashuka taratibu. Ukilichora kwenye dirisha la sekunde 5 pamoja na moyo, unaona mstari uliolala, unadhani elektrodi zimekauka, unaingia ndani, unamsumbua mtu, na sasa ndiyo ameshtuka kweli. Kwangu moyo una sekunde 6, ubongo 10, mkanda wa kupumulia 30, jasho la ngozi dakika 3. Mtu aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwenye sekunde 30 unahesabu pumzi zake kwa jicho.

La tatu, kichujio kinakaa kwenye picha tu. Naondoa 50 Hz ninapochora ili macho yapumzike. Kinachoingia kwenye XDF ni kibichi. Na kwenye kona kuna kitufe cha kuzima kichujio, kwa sababu mara nyingine ninachotaka kukiona ni huo uchafu wenyewe: 50 Hz ikipanda ghafla kwenye chaneli moja, elektrodi hiyo inaachia. Nimeandika pia, kwa herufi kubwa chini ya dirisha, USIPIME MUDA HAPA. Kichujio kinachofanya kazi papo hapo hakiwezi kuona sampuli zijazo, lazima kichelewe, na kilele cha wimbi kwenye skrini si kilele cha kweli. Niliandika hivyo baada ya kumkuta profesa mmoja ameweka rula kwenye kioo.

La nne ndilo ninalolipenda: taa. Kila mkondo una kiduara kinachoonyesha umri wa sampuli ya mwisho. Chini ya nusu sekunde, kijani. Zaidi ya hapo, njano. Sekunde 2, nyekundu. Wimbi lililoganda linafanana sana na wimbi lililo hai ukilitupia jicho la haraka, lakini nyekundu haifanani na kijani.

Kila asubuhi kabla ya mshiriki wa kwanza, mwanafunzi anajibandika elektrodi, anakaa, nami nachomoa klipu moja bila kumwambia aliye kwenye skrini. Nahesabu kimyakimya. Asiponiita kabla ya 10, tunarudia.

Nirudi kwenye LSL. Mtandao ndipo utakapotokwa jasho mwanzoni. Mikondo inatafutana kwa kupiga mbiu kwenye mtandao mzima, mlango wa UDP 16571, kisha data inapita kwenye milango kuanzia 16572. Fayawoli ya kompyuta ikifunga, unaona orodha tupu na unaanza kulaumu amplifaya. Wi-Fi ya taasisi nyingi hairuhusu mbiu ya aina hiyo kabisa. Nilipoteza siku mbili kabla sijachukua swichi ndogo ya mtandao na kebo tatu, nikaunganisha kompyuta zetu peke yake, na tangu hapo tumeishi kwa amani.

Kabla ya swichi hiyo, hata hivyo, tulirekodi moyo wa jirani. Sitanii. Chumba cha pili nao walianza kutumia LSL, mtandao ulikuwa mmoja, na kwenye orodha ya LabRecorder kukatokea mkondo wa pili wa moyo wenye jina linalofanana na wetu. Msaidizi akautia tiki akidhani ni wetu. Siku ya uchambuzi tulikuwa na mshiriki mmoja mwenye mioyo miwili, mmoja ukienda mbio bila sababu. Baadaye tukajua yule wa pili alikuwa anakanyaga baiskeli ya mazoezi upande wa pili wa ukuta.

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. LSL, kwa toleo ninalotumia, haiulizi nywila wala haifichi data inayopita. Aliye kwenye mtandao huo anaweza kuchota. Ishara za mwili wa mtu aliyesaini karatasi ya ridhaa zinapita zikiwa uchi. Faili la lsl_api.cfg lina kipengele cha SessionID, ambacho kinatenganisha vikundi ili wa huku asione wa kule, na unapaswa kukiweka. Ila hicho ni pazia, kufuli ni jambo jingine. Kamati ya maadili ikikuuliza, jibu la kweli ni ile swichi ndogo isiyounganishwa na kitu kingine.

Na kwa kuwa tuko kwenye mambo ya usalama: kompyuta iliyounganishwa na mwili wa mtu, mimi huitumia kwa betri tu, chaja iko kwenye droo. Amplifaya nzuri ina utengano wake wa umeme, najua. Chaja inabaki kwenye droo.

Kuhusu Bluetooth, ipo hadithi ndefu, nitaifupisha. Sampuli zinafika kwa mafungu, kumi kwa pamoja, kimya, kumi tena, kwa hiyo mihuri yake inarukaruka. Unapofungua faili, pyxdf inapitisha mstari ulionyooka katikati ya mihuri na kuisambaza sawasawa, na kwa kawaida matokeo ni mazuri. Inapoona pengo kubwa inakata, inaanza kipande kipya. Kubwa kiasi gani? Kwa mipangilio ya kawaida, sekunde 1 au muda wa sampuli 500, ule ulio mrefu. Kwa moyo wa sampuli 1000 kwa sekunde, ni hiyo sekunde 1, safi. Kwa bangili ya jasho la ngozi yenye sampuli 4 kwa sekunde, sampuli 500 ni sekunde 125. Bangili ikipotea hewani dakika moja nzima, hesabu hailioni pengo, inaunyoosha mstari juu yake kama shuka juu ya shimo. Badilisha namba hizo. Mimi nilizibadilisha baada ya kushangaa kwa nini watu wetu wanashtuka kabla ya kelele.

Kitu kimoja kidogo kilichoniokoa zaidi ya mara moja: mkondo ukipewa kitambulisho cha chanzo, source_id, ukikatika na kurudi, mpokeaji anaushika tena mwenyewe. Mtu aliwahi kupiga teke kebo ya USB katikati ya kikao. Programu ya kifaa ikafa, nikaiwasha upya, taa ikatoka nyekundu ikarudi kijani, LabRecorder ikaendelea ndani ya faili lilelile. Pengo lipo, na mihuri inasema pengo ni la muda gani. Kikao hakikufa. Waliotengeneza programu za vifaa bila kuweka kitambulisho hicho, wapo, na sijui niwaambie nini.

Je, kila mtu aitumie? Hapana. Kama una kisanduku kimoja, kinachopima moyo na misuli, na swali lako halihitaji kujua picha ilionekana milisekunde ipi, AcqKnowledge ya BIOPAC au LabChart ya ADInstruments, kila moja na vyombo vya kampuni yake, inakupa kuchora, kuhifadhi na kuchambua mahali pamoja, na unaweza kuandika maoni wakati unarekodi yakakaa palepale kwenye wimbi. Saa ni moja, hakuna cha kusawazisha. Kwa anayetaka ubongo uendeshe kitu papo hapo, OpenViBE ya Inria, Ufaransa, ina njia ya kuunganisha visanduku kwa kipanya bila kuandika programu. Mimi nimebaki na LSL kwa sababu vyombo vyangu ni vya watengenezaji watatu tofauti ambao hawasalimiani.

Ukiamua kuja huku, kabla ya kukubali amplifaya yoyote mpya muulize muuzaji kama kuna programu ya kuimwaga kwenye LSL, na usiridhike na "ndiyo". Omba uione ikifanya kazi. Uliza kama inatoa chaneli zote pamoja na ile ya ziada ya kipima mwanga, kama kila chaneli inatajwa kipimo chake, maikrovolti au milivolti, na kama source_id imewekwa. Mmoja alinijibu kwamba yote yapo, nikafunga safari kwenda kuona. Chaneli zilikuwepo 32, zote hazina jina, na kipimo cha zote kiliandikwa "namba".